Ile taa ya mbali ni ndogo kweli au ni macho yetu? Uzi wa galaksi duaradufu zilizobanana

Mtoto wa Nansio (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Huu uzi niliuahidi kwenye ule wa sayari nikawa nauahirisha tu, leo nimetulia zangu Bwiru, umeme upo, bando lipo, ngoja niandike mpaka niishie.

Naanzia ziwani maana ndo wazo lilikonikutia. Agosti mwaka jana nilikuwa Ukerewe kwa bamdogo, yeye anavua dagaa, na ilikuwa giza. Kwa wasio wa huku, giza ni zile siku mwezi haupo usiku, ndo dagaa wanafuata taa, mbalamwezi ikirudi watu wanakaa mwaloni wanashona nyavu na kudai madeni. Nikaomba niende nao. Aisee kule ndani ukizungusha shingo unaona taa za wenzenu zimetawanyika mpaka ziwa linapoishia, halafu juu nyota nazo hivohivo, kuna muda unashindwa kujua mpaka uko wapi.

Sasa upande wa kaskazini kulikuwa na taa moja peke yake, kadogo, kali. Kijana mmoja tuliyekuwa naye akasema kale ni kamtumbwi kamoja kana taa moja. Bamdogo akakataa, akasema ile ni mitumbwi mingi imebanana sehemu moja ila umbali umeziunganisha taa zikawa moja, na zile dhaifu za pembeni ukungu umezimeza. Wakabishana hapo karibu saa nzima huku wanasubiri dagaa wapande. Mwisho bamdogo akasema utaona asubuhi, tutahesabu ndoo. Kweli kumekucha ikaingia mitumbwi saba kutoka upande uleule, imelala na mzigo mpaka maji yanakaribia kuingia.

Mimi wote huo muda nilikuwa kimya, nasikiliza, moyo unanidunda, maana ubishi uleule ndo wataalamu wa anga wamebishana kwa miaka kadhaa kuhusu galaksi za mbali. Ni ndogo kweli? Au kuna sehemu za pembeni hatuzioni? Na jibu lao lilipatikana vilevile, walienda kupima mzigo.

Ntaendelea post ya chini, hii simu ikijaa maandishi inaganda.

Mtoto wa Nansio

Tuendelee. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota mabilioni pamoja na gesi na vumbi, vinashikwa pamoja na mvutano wao. Yetu inaitwa Njia Nyeupe, ile alama ya maziwa inayopita juu ukiwa Ukara au Ukerewe taa zimezimwa, ina upana wa miaka nuru kama 100,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), imebapa kama chapati na ina mikono inayojizungusha. Ila zipo za aina nyingine hazina mikono, ni mviringo au zimevutika kidogo kama yai, ndo galaksi duaradufu. Edwin Hubble alizipanga mwaka 1926 kuanzia E0 ya mviringo kabisa mpaka E7 iliyovutika sana. Nyingi ni za zamani, nyota zake njano na nyekundu, gesi ya kutengeneza nyota mpya karibu imeisha. Wengi mmeiona moja bila kujua, ile picha ya shimo jeusi (kitu kizito mno hata mwanga hauchomoki) ya Aprili 2019 imetoka katikati ya M87, ambayo ni duaradufu, dubwana hasa, iko miaka nuru milioni 55 hivi kutoka hapa.

Sasa watu walipoanza kuangalia mbali sana, yaani mwanga uliotoka huko miaka bilioni 10 iliyopita na zaidi, walitegemea kwamba galaksi zilizoacha kuzaa nyota zitakuwa kama hizi za jirani. Wakakuta zina uzito uleule wa hizi tunazozijua, nyota zenye uzito wa jua mara bilioni 100 au zaidi, lakini upana wake ni mara 3 mpaka 5 pungufu. Chukua mara 4 tu. Upana ukipungua mara 4 ujazo unapungua 4 x 4 x 4, yaani mara 64. Fikiria watu wote wa Mwanza mjini uwahamishie mtaa mmoja wa Igoma na kila mtu aje na vitu vyake.

Hizo ndo galaksi duaradufu zilizobanana, na mimi zinaninyima usingizi kuliko hata mashimo meusi.

Kirumba Kwetu

Mkuu uzi mzito, ila nina swali na usinielewe vibaya. Wewe mwenyewe umesema ukungu ulimeza taa za pembeni. Sasa kitu kiko mbali hivo wanajuaje kwamba hakina pembeni? Labda ni dubwana kama hiyo M87 ila tunaona katikati tu panapong'aa. Mimi kwa hiyo hoja nipo na bamdogo.

Mtoto wa Nansio

Kirumba Kwetu wabeja sana, hilo ndo swali lenyewe na hata wao lilikuwa linawauma. Mwanga wa kitu cha mbali unafifia vibaya sana, na pembeni mwa duaradufu nyota zinapungua taratibu bila ukingo, haina ukuta kwamba hapa ndo mwisho. Kwahiyo mtu alikuwa na haki ya kusema mmeona kiini tu.

Dawa ni kupima mzigo kwa njia isiyotegemea picha. Mwaka 2009 Pieter van Dokkum na wenzake walitoa kazi yao kwenye jarida la Nature kuhusu galaksi moja inaitwa 1255-0. Jina halina mvuto, najua. Waliielekezea darubini ya Gemini South iliyoko milimani Chile, kioo chake kina upana wa mita 8 hivi, wakakusanya mwanga wake kwa jumla ya masaa 29. Masaa 29 kwa kadoa kamoja! Kisha wakaupasua ule mwanga kama upinde wa mvua.

Ndani ya upinde wa mvua wa nyota kuna mistari myeusi, kila elementi ina sehemu yake inayonyonya mwanga, hiyo haibadiliki popote ulimwenguni. Sasa nyota ikija upande wetu mstari unasogea kidogo kwenye bluu, ikienda kule unasogea kwenye nyekundu, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita barabarani. Kwenye galaksi nyota nyingine zinakuja nyingine zinaenda, zote kwa pamoja, kwahiyo ule mstari badala ya kuwa mwembamba unatanuka. Kadri nyota zinavyokimbia ndivyo mstari unavyokuwa mnene. Na nyota haikimbii bure, inakimbia kwa sababu kuna uzito mkubwa unaivuta, ungekuwa mdogo ingetoka ikapotea.

Walipata kilomita kama 500 kwa sekunde. Jua letu linaizunguka Njia Nyeupe kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde, kwahiyo ni zaidi ya mara mbili. Wenyewe walisema kipimo kina mwanya mkubwa juu na chini, mwanga ulikuwa kidogo, lakini hata ukichukua makadirio ya chini kasi bado ni kubwa mno. Uzito upo kweli na upo kwenye eneo dogo, maana nusu ya mwanga wake wote unatoka ndani ya miaka nuru kama 2,500 kutoka katikati.

Hizo ndo ndoo za bamdogo.

Kirumba Kwetu

Hapo sawa kabisa, nimenyoosha mikono. Yaani hawakuhesabu taa walihesabu mzigo.

Mwl wa Nyegezi

Kijana umeeleza vizuri, nafundisha fizikia na hiyo ya mistari kutanuka ntaitumia darasani kesho, ruhusa naomba hapahapa. Ila niweke sawa jambo moja ili wasomaji wasichanganyikiwe. Ukisema mwanga umesafiri miaka bilioni 10 si sawa na kusema galaksi iko umbali wa miaka nuru bilioni 10. Wakati mwanga uko njiani nafasi yenyewe iliendelea kutanuka, kwahiyo sasa hivi ile galaksi iko mbali zaidi ya hapo. Na huo mtanuko ndio unaoufanya mwanga wote wa galaksi kusogea kwenye wekundu kwa pamoja, tofauti na kule kutanuka kwa mstari ulikoeleza. Ni vitu viwili.

Swali langu sasa. Zimeenda wapi? Hapa jirani duaradufu nzito zilizobanana namna hiyo ni adimu mno. Wanafunzi watauliza.

Mtoto wa Nansio

Shikamoo mwalimu. Asante kwa kuniweka sawa, nimeisoma mara mbili, na ruhusa unayo tangu jana.

Zimeenda wapi: nyingi zimenenepa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zile za mwanzo zilibaki kuwa kiini, halafu kwa mabilioni ya miaka zikawa zinameza galaksi ndogondogo zinazopita karibu. Galaksi ndogo ikimezwa nyota zake haziendi mpaka katikati, inachanwachanwa njiani zinabaki nje nje, kwahiyo katikati panabaki palepale ila nje panatanuka. Na kinachonifanya niamini ni kwamba ukipima msongamano wa katikati ya duaradufu kubwa za leo unakaribiana na ule wa hizi za zamani. Kile kidude kimo bado mle ndani kimevaa makoti.

Ila kuna ambayo haikunenepa! Hii ndo nimeipenda kuliko zote. Inaitwa NGC 1277, iko kwenye kundi la galaksi la Perseus, miaka nuru milioni 240 hivi, kwa mambo haya hapo ni jirani wa kuazima chumvi. Aliiona kwa mara ya kwanza Lawrence Parsons mwaka 1875 akiandika tu kwamba kuna kitu pale. Ina nyota kama mara mbili ya Njia Nyeupe ila ukubwa wake ni kama robo yake. Nyota zake karibu zote zilizaliwa miaka bilioni 10 iliyopita, baada ya hapo kimya.

Walijuaje kwamba haikumeza mtu? Galaksi kubwa zinazungukwa na vishada vya nyota, mipira ya nyota laki na zaidi zilizokaa pamoja. Kuna vyekundu na vya bluu. Vyekundu vinazaliwa pamoja na galaksi kubwa yenyewe, vya bluu vingi vinaletwa na galaksi ndogo zinazomezwa, ni kama mizigo ya wageni. Mwaka 2018 kwa kutumia darubini ya Hubble wakavihesabu kwenye NGC 1277, vyekundu vipo, vya bluu karibu hakuna. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta viatu vya wenyewe tu mlangoni unajua hakuna mgeni humo.

Sababu ya kubaki hivo ni kwamba inakimbia ndani ya lile kundi kwa kilomita zaidi ya milioni 3 kwa saa, inapita wenzake kasi kiasi kwamba haiwezi kuungana nao, na gesi ya kuzalia nyota mpya haina. Kwahiyo badala ya kuhangaika na kidoa cha mbali cha masaa 29, tuna mmoja wao hapahapa, mzima, anakaguliwa nyota zake vizuri.

Mama Sato

Mwanangu nimekusoma mpaka mwisho na miwani yangu. Nauza samaki Mwaloni miaka mingi, habari za nyota nilikuwa najua Kilimia tu, bibi yangu alikuwa anaangalia Kilimia ndo anajua kulima. Nauliza hivi, kwa nini ziliacha kuzaa? Maana umesema zilizaa haraka haraka halafu kimya. Kitu gani kilizizuia?

Mtoto wa Nansio

Shikamoo mama. Swali lako ndo watu wanalifanyia kazi sasa hivi, hasa tangu darubini ya James Webb irushwe Desemba 25, 2021.

Kuna galaksi inaitwa GS-9209. Webb iliipima na kazi ikatoka 2023, kiongozi wao Adam Carnall wa Edinburgh. Mwanga tunaouona ulitoka ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 1.25 tu, na ulimwengu leo una bilioni 13.8. Wakati huo yenyewe ilikuwa imeshaacha kuzaa! Ilianza kama miaka milioni 600 baada ya mwanzo wa ulimwengu, ikatengeneza nyota za uzito wa jua kama bilioni 40 ndani ya miaka milioni 200 hivi, ikasimama. Na imebanana kuliko zote nilizotaja, nusu ya mwanga wake uko ndani ya miaka nuru 700 kutoka katikati.

Walipoangalia upinde wake wa mvua wakakuta mstari mmoja wa haidrojeni umetanuka kupita kiasi, hiyo si nyota tena, ni gesi inayozunguka shimo jeusi kwa kasi ya kutisha. Wakakadiria lile shimo lina uzito wa jua kama nusu bilioni mpaka bilioni nzima, kubwa kuliko ilivyotegemewa kwa galaksi ya uzito ule. Shimo linapokula gesi, ile gesi kabla ya kuzama inawaka, inatoa mwanga na upepo unaopasha gesi yote ya jirani na kuifukuza nje. Na gesi ikiwa ya moto haiwezi kujikusanya ikawa nyota, lazima ipoe kwanza. Kwahiyo mama, wanachoona wengi ni kwamba kile kilichokuwa kinakua katikati ndicho kilichofunga jiko.

Hata NGC 1277 ina shimo kubwa, mwanzo mwaka 2012 walisema jua bilioni 17, waliopima tena baadae wakashusha mpaka karibu bilioni 5. Nimelitaja hilo makusudi, kuna watu mtakutana na ile bilioni 17 huko mitandaoni bado inatembea.

Mama Sato

Ahsante mwanangu. Limefunga jiko. Nimeelewa kabisa, Mungu akuzidishie.

dagaa_mkavu

Wakuu mimi nipo Ukara, usiku niko ziwani kama kawaida. Hizi mnazosema kuna hata moja naweza kuiona kwa macho? Nina darubini ya mkono ya marehemu baba.

Mtoto wa Nansio

dagaa_mkavu wewe ndo una anga kuliko sisi wote, huku mjini taa za Capripoint na barabara zimeshamaliza nyota. Za mbali huwezi mkuu, wala NGC 1277 huwezi, inataka darubini kubwa. Lakini ipo moja iliyobanana inaitwa M32, iko pembeni kabisa ya Andromeda, galaksi kubwa ya jirani yetu, miaka nuru milioni 2.5 hivi.

Fanya hivi. Agosti saa 10 alfajiri, au mwishoni mwa Septemba saa 7 na nusu usiku, geukia kaskazini. Juu utaona nyota nne zimetengeneza mraba mkubwa. Shika kona ya chini kulia, shuka tena upande wa kulia, ruka nyota ya kwanza hafifu, ya pili ndo inang'aa. Hapo geuka kushoto kwenda chini, pitia nyota mbili ndogo, pembeni ya ile ya pili kuna kawingu kadogo kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ni Andromeda, ina nyota nyingi kuliko Njia Nyeupe yetu, na kwa giza la Ukara unaiona kwa macho matupu. Darubini ya mkono iegemeze kwenye kitu, mtumbwi unatikisa. Kanyota kasikokuwa kakali sana kanakogusana na lile wingu ndo M32. Guillaume Le Gentil alikaona 1749.

Na hii imebanana kwa njia nyingine kabisa. Ni nyepesi, ina upana wa miaka nuru 6,500 tu hivi. Mwaka 2018 Richard D'Souza na Eric Bell wakaleta hoja kwamba M32 ni kiini kilichobaki cha galaksi kubwa ambayo Andromeda iliila kama miaka bilioni 2 iliyopita, nyota za nje zote zikachukuliwa. Yaani NGC 1277 ni ndogo kwa sababu haikuongezewa kitu, M32 inaonekana ni ndogo kwa sababu ilinyang'anywa. Kwa picha zote mbili unaweza kusema ni vidoa tu vinafanana. Ndo maana nasisitiza msiangalie ukubwa peke yake, ulizeni nyota zake zina umri gani na pembeni yake kuna nini.

Mwl wa Nyegezi

Hapo kwenye M32 niongeze, hiyo hoja si wote wameikubali, ila ni nzuri kwa sababu inaeleza na zile nyota nyingi zilizotapakaa nje ya Andromeda zilitoka wapi.

dagaa_mkavu

Mkuu nimerudi. Sio Agosti wala nini nimeshindwa kusubiri, jana alfajiri tulikuwa tunavuta nyavu nikawaambia wenzangu ngojeni kidogo. Mraba nimeupata, wingu nimelipata kwa macho matupu, nikawapa na wao wakaliona. Kale ka pembeni kwa darubini nahisi nimekaona kama nukta, mara kapo mara hakapo, mtumbwi ulikuwa unayumba. Mzee mmoja kwenye mtumbwi akasema hilo wingu analijua tangu utoto ila alidhani ni moshi wa anga. Kakaa analiangalia mpaka tukachelewa mwaloni.

Mtoto wa Nansio

Aisee umenipa raha ambayo siwezi kuieleza. Ule mwanga uliomfikia huyo mzee uliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, mwambie nimemsalimia sana.

Kirumba Kwetu uliniuliza inbox kama unaweza kuja. Giza linaanza Jumatano, nimeongea na bamdogo, anasema nafasi ya mtu mmoja ipo, uje na koti zito na uwe Nansio kabla ya saa 11 jioni, hawasubiri mtu.